Honi kali kwenye baiskeli: Inamlinda mchukuzi wa sokoni au inamwongezea hatari?

Na Mwandishi Wetu, Unguja

UKIFIKA Mwanakwerekwe mapema asubuhi, utawakuta tayari wako njiani. Ni wapanda baiskeli wanaotoka Fuoni, Jumbi, Tunguu na vijiji vya jirani kuleta mazao sokoni. Mmoja amefunga polo la muhogo kwenye keria, mwingine ana mapakacha mawili ya embe, wa tatu ana madumu ya maziwa yaliyoning'inia kulia na kushoto, na wa nne amebeba mchicha na matembele mengi hata ukiwa nyuma yake humwoni yeye, unaona majani tu yanakwenda.

Wote hao wanaingia katika njia moja na daladala, malori ya mchanga, bajaji, Vespa, bodaboda, gari za ng'ombe, na akina mama waliopanga nyanya na ndimu ukingoni mwa barabara. Katikati ya msongamano huo husikika honi kali ambayo ukigeuka unatarajia kuona lori, kumbe ni baiskeli. Mwenyewe amefunga honi ya pikipiki na betri chini ya keria, na anaibonyeza kwa kidole gumba bila kupunguza mwendo.

Je, anafanya vyema? Suala hili linaweza kuonekana dogo, lakini kwa mkulima au mchuuzi ambaye baiskeli ndiyo gari yake, duka lake na akiba yake, si dogo hata kidogo. Ajali moja inaweza kuondoa mzigo wa siku, baiskeli yenyewe na hata uhai. Ndiyo maana makala haya yanajaribu kulipima jambo hili kwa faida na hasara zake, kama mfanyabiashara anavyopima bidhaa kabla ya kuinunua.

Kwa nini wanafunga honi

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye honi, kwani wana hoja.

Kwanza, barabara zimejaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 893,169. Hilo ni ongezeko la watu wapatao laki tatu katika miaka kumi, na kila mmoja anakula, anasafiri na anahitaji bidhaa zifike dukani. Magari yameongezeka, lakini mpanda baiskeli bado anapita kwenye ukingo uleule wa kushoto, ambao mara nyingine umeshakaliwa na gari lililoegeshwa au meza ya biashara.

Pili, kengele ya baiskeli haisikiki ndani ya gari. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mlio wa kengele ni mkali ukiwa karibu nayo, lakini mahali pa wazi kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo ikifika mita kumi, kengele imebakia sauti ndogo inayomezwa na injini ya dizeli. Dereva wa lori aliyepandisha vioo na kufungulia redio hawezi kuisikia. Honi ya gari, kwa upande mwingine, hutengenezwa ili ipite desibeli 100 kwa umbali wa mita mbili, na kwa mita ishirini bado inasikika wazi.

Tatu, mwenye baiskeli ndiye anayeumia. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Gari likimgonga mpanda baiskeli, dereva hurudi nyumbani na taa iliyovunjika. Aliyegongwa huenda hospitali, au asirudi kabisa. Mtu wa namna hiyo akitafuta sauti ya kujitetea, hatuwezi kumwita mkorofi.

Mahali ambapo honi inafaa

Zipo hali chache ambazo honi kali inaweza kweli kuokoa mtu. Mfano ni lori linalorudi nyuma polepole huku dereva hamwoni aliye nyuma yake, au gari linalotoka kwenye maegesho bila dereva kuangalia. Katika hali hizo gari lina mwendo mdogo, na dereva akisikia anaweza kusimama papo hapo.

Lakini mambo hubadilika gari linapokuwa katika mwendo. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Dereva akisikia honi anahitaji kama sekunde moja na nusu kutambua inatoka wapi, kuamua la kufanya na kuupeleka mguu kwenye breki. Katika muda huo gari limeshakwenda mita 16 au 17, na breki ndiyo kwanza inaanza kushika. Ikiwa wewe na baiskeli yako mko mita kumi mbele, honi imepigwa bure.

Tena katika makutano yenye kelele nyingi, dereva anayesikia honi ya pikipiki hutafuta pikipiki. Anaangalia upande wa kulia ambako pikipiki hupita zikimpiku, wakati wewe uko kushoto kwake. Sauti uliyoinunua ili uonekane imempeleka macho pengine.

Honi haifungi breki

Hatari kubwa zaidi iko kwa mpandaji mwenyewe. Mwenye honi kali huanza kuitegemea. Badala ya kupunguza mwendo anapoona watu wamejaa mbele, anabonyeza na kutarajia njia ifunguke.

Tufanye hesabu. Mpandaji wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20 ni kilo 90. Akipakia mapolo mawili ya kilo 50, jumla inakuwa kilo 190. Uzito umezidi mara mbili, lakini breki ni zilezile. Maana yake ni kwamba umbali wa kusimama nao unazidi mara mbili. Na akiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Baiskeli nyingi za mizigo ni zile za mtindo wa Phoenix au Raleigh, zenye breki za fimbo na rimu za chuma. Rimu za chuma zikilowa, raba za breki huteleza na kushika kwa shida. Wakati wa masika, mtu aliyezoea kusimama kwa hatua tano atajikuta anahitaji hatua kumi na zaidi.

Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, baiskeli hupita mita tano kila sekunde. Ukitumia nusu sekunde kutafuta kitufe cha honi kabla ya kukamata breki, umeshaongeza mita mbili na nusu. Katika soko kama Mwanakwerekwe, mita mbili na nusu ndiyo nafasi iliyopo kati yako na beseni la nyanya la mama wa watu.

Kioo cha mpanda baiskeli ni sikio

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifikirii. Dereva wa gari ana vioo vitatu vya kumwonesha kilicho nyuma yake. Mpanda baiskeli wa mizigo hana hata kimoja, na akiwa na mzigo mrefu nyuma hawezi hata kugeuza shingo. Kioo chake ni sikio.

Kwa sikio anajua kuwa nyuma yake kuna lori na si bajaji. Kwa sikio anajua kuwa dereva amepunguza gia, kwa hiyo anataka kumpita au kukata kona. Utingo wa daladala akigonga bodi, mpanda baiskeli mzoefu anajua kuwa gari hilo litaingia kushoto kushusha abiria, na anashika breki kabla taa ya nyuma haijawaka. Akisikia kwato za ng'ombe anajua kuna mkokoteni mbele ya gari lililomziba.

Sasa tuseme kila baiskeli ina honi ya pikipiki, na kila bodaboda inajibu, na kila daladala inajibu kwa zaidi. Nani atapoteza? Si dereva, ambaye vioo vyake havizibwi na kelele. Atakayepoteza ni yule aliyekuwa akitegemea sikio. Honi moja inampa mwenyewe nafasi ya kupita leo, lakini honi mia moja zinamziba masikio kila siku. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Honi zikizidi, madereva huzizoea kama kelele za chura, na hakuna anayegeuka tena.

Tukumbuke pia kuwa si kila mtu anasikia. Wapo viziwi, wapo wazee waliopungukiwa na usikivu, na siku hizi wapo vijana waliotia vinasa sauti masikioni. Anayetegemea honi peke yake amewasahau wote hao.

Wanaobeba gharama

Kelele ina gharama yake, ingawa haiandikwi kwenye daftari la mauzo. Wataalamu wa afya kazini wanakubali mtu akae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa muda usiozidi saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mpanda baiskeli anapita na kwenda zake, lakini mama anayeuza ndimu ukingoni anakaa hapo tangu asubuhi mpaka magharibi, na kila honi inapigwa hatua moja kutoka sikioni kwake.

Wapo pia ng'ombe. Gari ya ng'ombe bado inafanya kazi kubwa Unguja kubeba mchanga, matofali, kuni na mazao. Ng'ombe husikia sauti nyembamba ambazo sikio la mtu haliwezi kuzisikia, na mlio mkali wa ghafla humshtua. Ng'ombe aliyeshtuka akiwa na mzigo nyuma hachagui pa kukimbilia. Anayelipa ni mwenye gari, mwenye meza, na pengine aliyepiga honi mwenyewe.

Halafu kuna adabu ya mahali. Mwanakwerekwe si soko tu. Pana skuli, mahakama, misikiti, na makaburi makubwa ambako watu wengi wa mjini huzika ndugu zao. Si ajabu kukuta jeneza linapita na watu wamejaa njia. Mtu mwenye malezi hashushi kishindo cha honi mgongoni mwa waliobeba maiti. Hushuka, akaisukuma baiskeli mpaka wapite.

Sauti inayouza na sauti inayofukuza

Wafanyabiashara wa Zanzibar wanajua siku nyingi thamani ya sauti. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, na mtu aliye barazani akajua kahawa imefika. Muuza samaki wa baiskeli hubana honi yake ya mpira anapoingia mtaani, na mama aliye jikoni akatoka na sahani. Muuza barafu tamu ana muziki wake ambao watoto wanautambua toka mbali. Sauti hizo si kali, lakini kila moja ina maana yake, na ndiyo sababu zinauza.

Honi ya pikipiki haina maana hiyo. Mteja akiisikia nyuma yake hasemi muhogo umefika. Anaruka pembeni kwa hofu, kisha anageuka kwa hasira, na ukimwita aje kununua hatokuja. Mchuuzi anayepita mtaa uleule kila siku ajiulize kama anataka kukumbukwa kwa bidhaa zake au kwa kuwashtua watoto wa watu.

Wenzetu wameamuaje

Suala hili si geni duniani. Mkataba wa Vienna wa Usalama Barabarani wa mwaka 1968, ambao nchi nyingi zimeuridhia, unasema baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na isiwe na chombo kingine cha kutoa sauti ya tahadhari. Ujerumani inafuata msimamo huo. Uingereza tangu mwaka 2004 imetaka baiskeli mpya iuzwe ikiwa na kengele.

Karibu nasi, Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009. Nchini India, polisi wa usalama barabarani wa Mumbai walikuja na dawa ya kuchekesha mapema mwaka 2020. Katika baadhi ya taa za barabarani waliweka vipima sauti, na honi zikizidi desibeli 85, taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Anayepiga honi nyingi, anasubiri sana. Fundisho lao ni kwamba honi ya mtu mmoja inaweza kuwa na sababu, lakini honi za wote pamoja hazimfikishi yeyote mapema.

Fedha ya honi ifanye kazi gani

Kwa mkulima au mchuuzi mwenye fedha kidogo ya kutengeneza baiskeli yake, ushauri wa makala haya ni kuitumia kwa mpangilio ufuatao.

Cha kwanza ni breki. Badilisha raba za breki kabla hazijafika kwenye chuma, kaza fimbo au waya, na zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zishike. Kila asubuhi kabla ya kupakia, isukume baiskeli na uikamate. Ikiteleza, mpelekee fundi kabla ya kwenda sokoni.

Cha pili ni mzigo. Kizito kikae chini na kigawanywe sawa kulia na kushoto. Dumu moja la maziwa upande mmoja bila la kulisawazisha litakuvuta kwenye gari linalopita. Mzigo usizidi upana wa usukani, kwa sababu dereva anayekupita anapima nafasi kwa kuutazama mgongo wako, si polo lako. Kamba zifungwe zisifike kwenye spoku.

Cha tatu ni kuonekana. Taa ya mbele, taa nyekundu au kiakisi mwanga nyuma ya mzigo, na nguo nyeupe au ya rangi kali. Wengi huwasili sokoni kabla jua halijachomoza, na polo jeusi kwenye giza halionwi na dereva yeyote hata akiwa mwangalifu.

Cha nne ni kengele nzuri ya chuma, iliyofungwa mahali ambapo kidole kinaifikia bila mkono kuachia breki. Ipige mapema, ukiwa mbali, mara moja au mbili, kisha upunguze mwendo. Ukiwa karibu, mdomo unatosha. "Naomba njia, mama" imefungua njia nyingi kuliko honi.

Cha tano, na cha mwisho, ndipo ifikiriwe honi. Mtu anayepita kila siku kwenye barabara kuu kati ya malori anaweza kuwa na honi ya kiasi, na aitumie kwa gari linalorudi nyuma au linalomjia, akiwa tayari ameshakamata breki. Asiitumie kwa watu, kwa ng'ombe, wala ndani ya soko. Na asitafute ile ya pikipiki.

Jingine halina gharama. Kwetu magari hupita kushoto na dereva hukaa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto wa lori ndio asiouona vizuri. Usijipenyeze kushoto mwa lori lililosimama kwenye makutano. Likikata kona kushoto litakufunika, na honi yako itasikika baada ya gurudumu kupita. Kaa nyuma yake, lipite, nawe ufuate.

Wengine nao wana sehemu yao

Itakuwa si haki kumwachia mpanda baiskeli mzigo wote huu. Anafunga honi kwa sababu anaona hakuna anayemjali. Dereva wa daladala akiangalia kioo cha kushoto kabla ya kuingia pembeni, honi nyingi hazitohitajika. Mwenye duka asipopanga bidhaa hadi kwenye lami, baiskeli haitolazimika kuingia katikati ya barabara. Na wanaopanga barabara na masoko wakumbuke kuwa muhogo, maziwa na mboga zinazoliwa mjini nyingi zinaingia kwa magurudumu mawili. Ukingo wa barabara ulio wazi, na mahali maalumu pa baiskeli kushushia mizigo kando ya soko, vingepunguza kelele kuliko faini yoyote.

Mpaka hayo yapatikane, mwenye baiskeli ana kazi ya kujilinda kwa vitu alivyonavyo, navyo ni breki zinazoshika, mzigo uliokaa sawa, taa inayowaka, kengele inayolia na sikio lililo wazi. Ukivipata vyote hivyo na bado fedha imebaki, nunua kamba nyingine ya mzigo. Honi iwe ya mwisho.